Siku Waliyodhani Nimepokea Lugha

Kanisani kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi, waliniombea miaka mingi nipokee lugha. Za kibinadamu nilikuwa nazo za kutosha: Mashi ya mama yangu kule Walungu, Kiswahili cha Bukavu, Kifaransa cha shule, Chichewa nilichookota hapa Malawi sokoni na kwenye foleni za maji, na Kiingereza nilichokipata shule ya usiku nikiwa na mvi tayari, nimebanana kwenye benchi moja na vijana wa rika la binti yangu Grâce. Waliyoniombea ni ile ya Roho.

Mimi nilikuwa mkalimani wa kanisa. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, nami kando yake nageuza kwa Chichewa, kwa ajili ya waumini Wamalawi wanaotoka vijiji vya jirani. Nilikuwa hodari, naomba mniamini: mchungaji alikuwa hajavuta pumzi, mimi nimeshamaliza sentensi yake na nyingine ambayo hakuwa na mpango wa kuisema. Lakini yakifika maombi, wenzangu wote wakinena kwa lugha mpya, shemasi mzima nasimama pale kama mlingoti. Wamama wa maombi hawakuniacha.

"Papa Grâce, luga ya bantu bote unajua, ya mbinguni njo inakushinda?"

"Nikifika mbinguni nitatafuta mkalimani," nawajibu. Wanacheka, na Ijumaa inayofuata wananiombea tena.

Basi Jumapili moja mwanzoni mwa mvua, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza, nikanena.

Asubuhi ile vidole vya mkono wa kuume vilikuwa vimekufa ganzi kama niliulalia. Vifungo vya shati vilinishinda, akanifungia mke wangu Vestine. Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Kongo. Kinyarwanda chake mimi nilijaribu kujifunza mara moja, alicheka mpaka akakaa chini, nikaacha. Tangu tuoane nyumba yetu inaendeshwa kwa Kiswahili: mapenzi, ugomvi, kulea, kuomba, vyote.

"Umesha kuzeeka leo?" aliniuliza akifunga kifungo cha mwisho.

"Mashemasi wakubwa wanavalishwa," nikamwambia. Tukaenda kanisani.

Katikati ya mahubiri mchungaji alisema sentensi, akanyamaza kuningoja. Sauti yake niliisikia vizuri, ila maneno hayakuwa na kitu ndani, kama redio ya jirani unayoisikia kupitia ukuta. Nilijua zamu yangu imefika. Nikafungua mdomo, na kwa masikio yangu mwenyewe nilitoa Chichewa safi kabisa. Halafu nikaona nyuso za watu. Waliokuwa wanasinzia wameamka. Nikasema tena, kwa bidii zaidi. Mikrofoni ikaniponyoka na kuanguka kwa kishindo ambacho nadhani walikisikia mpaka Lumbadzi.

"Aleluya!" mama mmoja akapiga kelele. "Amepokea! Papa Grâce amepokea!"

Ngoma ikaingia. Wakanizunguka, mikono kichwani, mikono mabegani, wengine wanalia kwa furaha, maana walikuwa wameningoja muda mrefu. Siwalaumu. Mtu uliyemwombea kitu miaka yote, siku kinapotokea mbele ya macho yako, utaanza kukikagua?

Yaliyofuata nimesimuliwa na Vestine, kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya mambo yenyewe na sikuona mlango wa kutokea. Yeye alikuwa kwenye benchi la wanawake, karibu na dirisha. Anasema hakuangalia nilichosema. Aliangalia mkono. Niliinama kuokota mikrofoni, mkono wa kuume ukabaki unaning'inia kama wa shati lililoanikwa, nikatazama chini nikishangaa. Akaangalia mdomo: upande mmoja unatabasamu na waimbaji, upande mwingine umelala. Akaja mbele akisukuma watu.

"Muangalie mukono yake! Muangalie kinywa! Huyu ni mugonjwa!"

Mama mmoja mzee wa maombi akamshika kiuno, kwa upole. "Mama Grâce, usizuie kazi ya Mungu. Umuache bwana yako apokee."

"Apokee nini? Mate inamutoka!"

"Ata siku ya Pentekoste balisema bantu balilewa."

"Mama, mi sisemi amelewa! Nasema anakufa!"

Wakaimba kwa nguvu zaidi ili kelele zake zisivunje roho ya ibada. Nyimbo zetu si fupi. Wimbo mmoja wa kanisa letu unaweza kuivisha maharage, tena yale magumu. Waliimba ule, wakaunganisha na mwingine, na kila ubeti, sasa najua, kuna kitu kichwani mwangu kilikuwa kinakauka.

Mwishoni Vestine hakubishana tena. Alichukua kikombe cha maji cha mchungaji pale mimbarini, akapenya chini ya mikono ya watu, akasimama mbele yangu. Akaniita jina langu la nyumbani, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikugeuka. Akaufunga mkono wangu wa kuume kwenye kikombe, kidole kimoja kimoja, kisha akauachia. Kikombe kikaanguka, maji yakamwagikia viatu vya mchungaji. Akaufanya vivyo hivyo mkono wa kushoto na kikombe kitupu, ule ukashika. Alimtazama tu mchungaji usoni.

Mchungaji akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

Sasa nisimame hapa kidogo, maana nimeandika haya yote kwa ajili ya hapa. Mimi sisemi Roho hashuki. Mimi bado ni wa kanisa lile lile. Nasema: mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kanisani, sokoni, popote, mwite jina lake uone kama anageuka. Mwambie atabasamu. Mpe kitu ashike kwa mkono huu na kwa mkono huu. Roho Mtakatifu hana shida na mkono wa mtu. Mkono ukidondosha, mdomo ukienda upande, acheni nyimbo, mpelekeni hospitali, mtaimba mkirudi. Na msimnyweshe kitu. Vestine alinishikisha kikombe tu, hakuninywesha, na daktari alimsifu kwa hilo mpaka akaona aibu, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limelala na maji yakaenda kwenye mapafu.

Walinipakia kwenye kabaza, mmoja anaendesha ile baiskeli, wawili wananishikilia huku na huku kama gunia la thamani, Vestine anakimbia mbele na viatu mkononi. Kliniki ya kambi hawakunikalisha. Waliniambia niinue mikono, na mimi nikawatazama kwa heshima nyingi bila kuelewa, mpaka Vestine akainua ya kwake ili nimwige. Ule wa kushoto ukapanda. Wakaita gari la wagonjwa, tukateremka Lilongwe.

Hospitali kubwa ya mjini, siku za mwanzo, naikumbuka kama mtu anayetazama sinema isiyo na sauti, ingawa sauti zilikuwepo. Nesi aliniinamia: "Dzina lanu ndani, bambo?" Jina lako nani, bwana, ndicho alichouliza. Mimi niliyewafundisha nusu ya kambi kusalimiana kwa Chichewa nilimtazama kama mbuzi anayetazama gazeti. Nilijua kuna swali. Nilijua nina jibu. Jibu lilikuwa limekaa mahali fulani kifuani, zima, na kila nililotoa lilikuwa jingine. Nikaona kwenye macho yake kwamba ni jingine. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na kulia hakuhitaji lugha.

Walinipiga picha ya kichwa kwenye ile mashine inayokumeza. Daktari, mama wa Kimalawi mwenye sauti ya taratibu, alimweleza Vestine kwa Kiingereza, na Grâce, binti yetu wa sekondari, akamgeuzia. Mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo umeziba, ule unaopeleka damu kwenye maneno na kwenye mkono wa kuume na mdomo. Vestine alitaka kujua mbona miguu ni mizima. Daktari akamuuliza wanapata wapi maji kambini, kisha akamwambia ni hivyo hivyo: bomba la mtaa mmoja likikatika, mtaa mwingine wanaendelea kufua nguo. Kinachokauka kinategemea bomba lipi.

Wodi ile ilinifundisha mabomba mengine, ingawa maneno ya watu Grâce alinisimulia baadaye. Kulia kwangu alilala mzee Kamwendo, mkulima wa njia ya Mponela. Yeye bomba lake lilikuwa upande wa pili, wa kuume. Maneno yake yote yalikuwepo, tena mengi, ila mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa naye hakujua. Kabisa! Alimwita nesi kulalamika kwamba kuna mtu ameacha mkono wake kitandani kwake, waje wautoe. Nsima, ule ugali wa huku, alikula ya upande wa kuume tu wa sahani, iliyobaki akawa haioni, akasema hospitali inawapunja wazee. Mkewe alikuwa anazungusha sahani polepole, na mzee anashangaa: "Kumbe wameongeza!" Nyumbani kwao walidhani ni jeuri ya uzee, maana asubuhi ile majirani waliokuwa upande wake wa kushoto walimsalimu asiwajibu. Wakaondoka wamekasirika.

Upande wa pili alikuwepo Chikondi, dereva wa lori kutoka Chilinde, kijana bado. Huyu ndiye aliyenitisha kuliko wote, kwa sababu hakuwa na dalili hata moja kati ya zile tunazozijua. Mdomo umenyooka. Mikono yote inapanda. Kwake bomba lililoziba lilikuwa la nyuma, kisogoni. Dunia ilianza kuzunguka ghafla, akatapika, akaona barabara mbili, akatembea huku amejitupa upande mmoja, sauti nzito kama ana kiazi cha moto mdomoni. Rafiki zake walimlaza alale pombe iishe. Hakuwa ameonja. Walimlaza mchana mzima, wakimcheka. Kuna mwingine walimleta, alikaa muda mfupi, yeye alichopoteza ni nusu tu ya kuona, anagonga miimo ya milango ya upande mmoja na kulaumu miwani.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, usingoje mdomo upinde. Jambo likija ghafla, dakika hii mtu yupo, dakika inayofuata mtu amepungukiwa na kitu, iwe maneno, mkono, mguu, jicho, usawa wa kutembea, hata akili ya kujua kwamba amepungukiwa, lichukue hivyo hivyo kama lilivyo na ukimbie nalo hospitali.

Asubuhi moja niliamka kitanda cha mzee Kamwendo kimetandikwa. Mkewe alikuwa anakunja vitenge vyake kwenye kikapu, kimoja kimoja, akilainisha kila kona. Alikuja kwangu, akaniwekea kwenye meza ndogo ndizi zilizobaki za mume wake. "Pepani, bambo," aliniambia. Alikuwa amefiwa yeye, na alinipa pole mimi. Nilitaka kumwambia zikomo, asante, neno ambalo mtoto wa kambi analijua kabla ya kuota meno. Halikuja. Nikamshika mkono kwa mkono wangu mzima, tukakaa hivyo.

Maneno yalianza kurudi kabla hatujatoka wodini. Vestine alikuwa ananilowesha midomo kwa kitambaa, na mimi nikasema, wazi kabisa, "Amishi."

Akaruka. "Amesema! Grâce, papa amesema! Amesema nini?"

Grâce hakujua. Mimi nilijua: nimesema maji. Nikarudia kwa furaha, nikaongeza mengine, naomba maji, kiu imenishika, mke wangu umekonda. Yalitoka yote, yamenyooka, na kadiri yalivyotoka ndivyo uso wa Vestine ulivyokuwa unafifia. Nilikuwa nasema Mashi. Lugha ya mama yangu, ambayo nilikuwa siitumii ila kuhesabu na kuota. Kiswahili hakikuwepo. Nilikitafuta kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu, na mguu ulishuka bila kukuta kitu. Nikimsikiliza mke wangu, nilishika neno hapa na neno pale. Daktari alisema hutokea hivyo, lugha ya utotoni kutangulia. Nyingine zinaweza kufuata au zisifuate. Mtu wa kutuambia hayupo.

Tulirudi Dzaleka mahindi mabichi yakichomwa kando ya njia. Majirani walikuja na unga, na mboga, na kuniongelesha kwa sauti kubwa kana kwamba nimekuwa kiziwi. Mchungaji alikuja peke yake. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, hakuomba kwa sauti, hakusoma. Alinisugua mkono wa kuume kwa mafuta muda mrefu, kidole baada ya kidole, na alipoondoka macho yalikuwa mekundu. Alikuja hivyo kila wiki. Yale mahubiri yake yote niliyowahi kuyageuza, hakuna niliyoyaelewa kama hayo.

Kila mwezi tulishuka Lilongwe: vidonge vya presha, vidonge vya kulainisha damu, mazoezi ya mkono. Kwenye mabenchi ya kungojea nilijifunza kuminya mpira wa soksi, na nitajisifu, niliuminya ule mpira mpaka ukaomba msamaha. Mkono ulirudi. Ilipofika mavuno nilikuwa namenya karanga. Lakini Kiswahili hakikurudi, na nyumba yetu haikuwa na kitu kingine cha kusimamia.

Vestine ni fundi cherehani, alikuwa anashona sokoni. Jioni alikaa mbele yangu na vyombo vya nyumba. Anainua kikombe. "Kikombe." Mimi natoa la Mashi. Anainua kisu. "Kisu." Natoa la Mashi. Siku ya kwanza alicheka. Siku nyingine alikitua kisu mezani polepole sana, akatoka nje, nikamsikia anapiga makofi kufukuza kuku ambao hatukuwa nao.

Ndipo akaenda kumtafuta mama Nabintu, muuza ndagala, yaani dagaa, wa pale sokoni, mtu wa Kabare, Mshi mwenzangu, mzee kuliko sisi wote. Akamwomba aje kutufasiria. Mke na mume! Mkalimani mimi nikapata mkalimani, tena mvivu kupita wote duniani.

"Mama, mumuulize anaumwa fasi gani," Vestine anasema.

Mama Nabintu ananiuliza. Namjibu, nafungua moyo, maneno yamejaa miezi na miezi, naongea mpaka jasho linanitoka. Mama Nabintu anasikiliza, anatikisa kichwa, anamgeukia Vestine. "Anasema haumwe."

"Maneno yote ile njo haumwe?"

"Anasema tena merci kwa chakula."

Nilichosema mimi hakikuwa hicho. Nilisema kwamba pale kanisani, katika watu wote wale, nilimwona yeye tu; kwamba sikuelewa hata neno moja ila nilielewa anagombana na dunia nzima kwa ajili yangu; kwamba naogopa kufa bila kumwambia. Lakini mama wa Kishi wa umri ule hawezi kubeba maneno kama hayo kutoka kitandani kwa mwanamume kumpelekea mke wake. Kwake ni aibu, ni kama kunivua nguo mbele za watu. Aliniambia hivyo wazi, kwa Mashi, akitazama pembeni: "Hayo utamwambia mwenyewe, mwanangu. Mimi nabeba ya chakula na ya maumivu."

Kwa hiyo nikawa na mtu wa kucheka naye hadithi za Walungu, za mvinyo wa ndizi na mvua ya kule, na mke wangu anakaa pembeni na sindano yake akitusikiliza tukicheka. Mwanzo wa baridi, upepo ule wa Dzaleka unapoingia chini ya mabati, aliweka sindano chini akasema, kwa utulivu, kwa Grâce lakini akinitazama mimi: "Miaka yote hii niliolewa na mutu mwenye simujue. Mutu mwenyewe iko mule ndani anaongea na bengine."

Hilo nililielewa lote. Nilitafuta jibu la Kiswahili mpaka kichwa kikauma. Nikatoa kitu, hata mimi sijui kilikuwa nini. Akanipapasa bega kama unavyompapasa mgonjwa wa mtu mwingine, akaenda kulala.

Kuna jambo jingine lilikuwa linaendelea, la chumvi. Daktari alikuwa ameikataza, na Vestine aliitii ile amri kama askari. Aliitoa chumvi nyumbani, aliitoa mpaka kwa majirani wa kulia na kushoto. Sombe, yaani kisamvu, bila chumvi, maharage bila chumvi, bugali na majani ya lenga-lenga yenye ladha ya karatasi ya mvua. Mama Nabintu alinihurumia. Kila alipokuja kufasiri alikuja na ndagala wake mkavu, wa chumvi, amemfunga kwenye kona ya kitenge, na Vestine akigeuka ananitia mkononi. Nilikula vile visamaki kama mtoto anayeiba sukari. Natumaini daktari hasomi hapa.

Joto liliporudi na watu wakaanza kulima mashamba wakingoja mvua, siku moja, mchana, mama Nabintu hakuja. Grâce alikuwa shuleni. Vestine alikuwa anafua, akakung'uta suruali yangu, na kutoka mfukoni vikamwagika vichwa vya ndagala. Vingi. Akaokota kimoja, akakilamba.

Akaingia ndani nacho kati ya vidole viwili.

"Hii ni nini?"

Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nakujua.

"Mi napika bila chumvi, nakula na mi bila chumvi, nimekuwa sawa mbuzi juu yako, na we unakula chumvi ya yule mama? Unataka kufa? Sema! Unataka niwe mjane mu kambi ya bantu?"

Akachukua sahani ya sombe iliyokuwa mezani, akaisukuma mbele yangu, ikanirukia kidogo kifuani. "Njo hii utakula! Ile yenye nimepika!"

Na mimi nikapandwa na hasira. Hasira ya mwaka mzima, ya mikrofoni, ya mabenchi, ya vikombe na visu. Nikapiga meza kwa mkono wa kuume.

"Sombe yako haina chumvi! Haina kitu! Kama majani ya mbuzi!"

"Majani ya mbuzi njo itakuponyesha!"

"Mi si mbuzi! Mi ni bwana yako!"

Akafungua mdomo kujibu, ukabaki wazi. Kile kichwa cha ndagala kikamtoka vidoleni. Nami sikuwa nimegundua bado, nilikuwa nimekasirika kweli, nilikuwa nangoja jibu. Nilimwona ananitazama mdomo, kama alivyonitazama pale kanisani, upande huu na upande huu. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna daktari angemfundisha. Hakunikumbatia, hakupiga kelele za furaha. Akaweka mikono kiunoni.

"Bwana gani?" akasema. "Bwana mwenye anakoroma sawa lori ya Chilinde?"

"Mi sikorome! We njo unakoroma! Tangu Bukavu!"

"Na mama yako hakunipenda!"

"Mama alikupenda! Wewe hukujua... hukujua kupika sombe!"

Neno moja lilikwama, nikalivuta, likaja. Akanipa jingine. Akazileta zote, hasira za zamani tulizokwisha kuzizika, akazifukua moja baada ya nyingine na kunitupia, Kinyarwanda changu kibovu, kofia yangu ya harusi, siku niliyomsahau kwenye kituo cha basi, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na kila nilipopunguza mwendo anaongeza tusi ili nisinyamaze. Na mimi nikawa nimeshagundua kwamba ni Kiswahili. Nilikuwa nalia na kumtukana, namtukana na kulia.

Kelele zikatoka nje. Majirani wakaja mbio, mchungaji mwenyewe alikuwa anapita akaingia pamoja nao, wakajaa mlangoni, wengine wameshanyoosha mikono kututenganisha.

"Mama Grâce, umuhurumie! Ni mugonjwa!"

Vestine hakugeuka hata kuwatazama. Alinikazia macho mimi, akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Mutuache," akawaambia. "Tuko tunaongea."